Jumatatu za Mnara wa Taa

Kwenye kituo cha utafiti wa bahari walimwita Mama Hadubini, naye hakuwahi kuwakataza. Jina alilolipata kwa kazi yake lilimtosha. Tangu atoke chuoni alikuwa akiketi katika chumba cha pembeni, chenye dirisha moja linaloangalia gati, sinki lenye madoa ya iodini, na stuli ambayo hakuna mwingine aliyethubutu kuikalia. Alichukua tone la maji yaliyotekwa katikati ya mlango wa bahari, akalitandaza juu ya kipande cha kioo, akaliweka chini ya hadubini na kuhesabu kilichomo.

Kilichomo ni vijimea. Jicho tupu haliwezi kuona hata kimoja, lakini vikizaana vya kutosha, bahari nzima hugeuka rangi ikawa kama maji yaliyooshewa mboga za majani. Vingine hushikana mkufu kama shanga, vingine vina maganda ya kioo kama vijisanduku vyenye vifuniko. Vidudu vya baharini hula vijimea hivyo, dagaa hula vidudu, samaki wakubwa hula dagaa. Kwa hiyo anayetaka kujua mwaka utakuwa wa samaki au wa malalamiko, na aanzie kwenye tone lile.

Mumewe, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa mkuu wa kituo. Walioana wakiwa kazini, na wale waliotarajia kwamba mke wa mkuu atahamishiwa meza yenye kiti laini walingoja mpaka wakachoka. Alibaki na stuli yake. Nyumbani walikuwa mume na mke. Kituoni alimwita "Mkuu" kama wengine, na mumewe alimwita "Bibi" kwa sauti ile ile aliyomwitia mhasibu. Hivyo ndivyo walivyolinda heshima ya nyumba yao, na wasemaji wa mji walikosa la kusema.

Jina la ukoo wao lilijulikana kwa jambo moja. Mahali pengi baharini vijimea vina msimu wao kama mazao ya shambani. Jua likiwaka na maji yakitulia vinastawi, mawingu yakitanda miezi kadhaa vinapungua. Marehemu aligundua kwamba katika mlango ule msimu haukai mahali pamoja. Neema ikija mwezi fulani mwaka huu, mwaka ujao inatangulia kwa miezi mitatu hivi, na mwaka unaofuata inatangulia tena. Aliuita msimu unaohama. Wataalamu wa nchi nyingine walipouandika katika vitabu vyao waliupa jina la ukoo wake, na hata kitabu cha jiografia cha sekondari kilikuwa na ukurasa wake mzima, wenye mchoro na jina. Siku ya mazishi, mwakilishi wa wizara aliusoma ukurasa ule kwa sauti mbele ya waombolezaji. Familia hiyo haikuwa na majumba wala mashamba. Ilikuwa na ukurasa.

Siku hizo za ugunduzi kituo hakikuwa na boti yake. Kilidandia boti ya mnara wa taa, iliyotoka Jumatatu moja na kuruka iliyofuata, ikipeleka mitungi ya gesi, chakula na mlinzi wa zamu kwenye mwamba ulio katikati ya mlango. Ikifika kwenye kina, nahodha alizima injini, mtu wa kituo akateremsha chupa ya kutekea maji, akaipandisha, safari ikaendelea. Waliziita Jumatatu za mnara. Mume aliona amepata bahati ya mtende. Kutoka bamvua, yaani siku za maji makubwa mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, hadi bamvua nyingine ni karibu wiki mbili, kwa hiyo kila Jumatatu ya mnara mkondo wa maji ulikuwa karibu katika nguvu ile ile. Miezi ya mwanzo alihakikisha kwa jedwali la bandari, akaridhika, asirudie tena.

"Mwezi tumeshautoa kwenye hesabu," alikuwa akiwaambia wageni. "Kilichobaki kwenye mchoro ni msimu mtupu."

Alikufa akiamini hivyo. Mkewe alistaafu, akakaa nyumbani mwaka mmoja, akaona kuta zinamwangalia, akarudi kituoni kusaidia asubuhi mbili tatu kwa wiki. Mkuu mpya alikuwa kijana mwenye adabu na miwani minene, aliyekutana na mchoro wa marehemu akiwa kidato cha pili na kuamua palepale kwamba atasomea bahari. Alimheshimu Mama Hadubini mpaka akapitiliza. Mama akiingia ofisini yeye husimama, akitoka husimama tena.

Huyo mkuu mpya ndiye aliyetia boya. Alitafuta fedha, akaandika maombi mpaka vidole vikafa ganzi, na hatimaye boya la manjano likatiwa nanga katikati ya mlango, lenye jicho la kupima wingi wa vijimea na ujoto wa maji kila saa, usiku na mchana, bila kungoja boti ya mtu. Miezi ikapita. Asubuhi moja akamwita Mama Hadubini ofisini kwake.

"Mama, karibu uketi. Boya limeniletea balaa."

"Limekatika?"

"Heri lingekatika. Hebu tazama." Akageuza kompyuta. "Nilitaka kuonyesha msimu unaohama, mchana kweupe, saa kwa saa, watu wafunge midomo. Sasa hapa naona nini? Meno ya chanuo."

Ni kweli mstari ulikuwa kama chanuo. Ulipanda, ukashuka, ukapanda, ukashuka, kila baada ya wiki mbili hivi, tangu mwanzo hadi mwisho. Meno ya miezi ya mawingu yalikuwa mafupi na ya miezi ya jua marefu, lakini yote yalikuwepo.

"Mmelisafisha?"

"Mara mbili. Mzamiaji ameshuka, akasugua, likang'aa kama sufuria inayomngoja mama mkwe. Likarudi na meno yale yale."

"Na mstari huu wa chini?"

"Ujoto wa maji. Nao una wazimu wake. Siku za bamvua maji yanapoa ghafla, siku chache baadaye vijimea vinapanda." Alisema hivyo kama mtu anayesoma tangazo lisilomhusu. "Kifaa kibovu, Mama. Nakirudisha kwa waliokitengeneza. Ila wanataka kauli ya kituo kwamba kinadanganya. Nikasema, aliyeuona msimu kwa macho yake ni nani kama si wewe? Neno lako moja tu. Sema limeharibika, nalifunga sandukuni, tunangoja jingine."

Uso wa Mama Hadubini haukubadilika, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuonyesha mambo usoni. Alikaza macho kwenye mistari ile miwili, wa juu na wa chini.

"Nipe muda," akasema.

"Muda wa nini, Mama?"

"Wa kufikiri. Nimezeeka, nafikiri polepole."

"Wewe? Labda sisi!"

"Usinivishe kilemba cha ukoka, Mkuu. Nipe muda, na boya liache majini."

Alirudi nyumbani kwa miguu, akapika, hakula.

Lililokuwa kwenye kompyuta ile halikuwa fumbo kwake. Chini ya mlango wa bahari kuna kizingiti cha mwamba, kama kizingiti cha mlango wa nyumba, kilichozama. Siku za bamvua mkondo unapita kwa kasi, unagonga kizingiti na kuyavuta maji ya chini hadi juu. Maji hayo ni baridi na yamejaa rutuba, kwa sababu kila kinachokufa baharini huzama na kuozea huko. Chakula kinapanda mezani, lakini walaji hawapati nafasi ya kukaa. Maji yanavurugika, vijimea vinasukumwa chini gizani kabla ya kushiba jua. Kisha mwezi unalegea, yanakuja maji mafu, mkondo unachoka, uso wa bahari unatulia na kupata moto. Hapo rutuba iko juu, jua liko juu, na vijimea vinazaana siku chache tu mpaka bahari inabadilika rangi. Vikimaliza chakula vinapungua na kungoja bamvua nyingine. Kila bamvua ina mavuno yake. Meno ya chanuo.

Kama ni hivyo, msimu unaohama ulitoka wapi? Hilo ndilo lililomnyima hamu ya chakula. Kutoka bamvua hadi bamvua si wiki mbili kamili. Ni wiki mbili na kitu kidogo, kisichofika siku nzima. Mumewe alikijua kitu hicho kidogo na akakipuuza, kama mtu anavyopuuza saa ya ukutani inayokwenda mbele dakika chache kwa siku. Leo hazina neno, kesho hazina neno, lakini baada ya miezi saa hiyo inakugongea adhuhuri wakati jogoo hajawika. Jumatatu za mnara zilikuwa zikiteleza. Zilianza kwenye siku za neema, zikarudi nyuma taratibu mpaka bamvua yenyewe, zikapita, zikaingia maji mafu yaliyotangulia, mpaka zikaikuta neema tena. Zilipoangukia siku za kijani, mchoro ulipanda na mume akasema msimu umefika. Zilipoangukia siku za maji baridi yaliyovurugwa, ulishuka na mume akasema msimu umepita. Mzunguko huo mzima ulichukua kama miezi tisa. Ili ufike mwaka, imepungua miezi mitatu, na miezi mitatu hiyo ndiyo iliyobeba jina la ukoo.

Kulikuwa hata na ile miaka ambayo marehemu aliiita miaka ya njaa, msimu ulipokuja mwembamba, naye akautafutia sababu kwenye pepo na kwenye mito. Sasa mkewe aliona kwamba miaka ile neema ilikuwa imesukumwa kwenye miezi ya mawingu, ambayo kweli haina jua la kutosha. Msimu halisi ulikuwepo siku zote, umetulia mahali pake kama mahali pengine popote duniani.

Lakini kuona kwenye kompyuta ya mtu mwingine hakukumtosha. Alikuwa mtu wa tone na kioo.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa mkata tiketi wa kivuko kinachovuka mlango ule. Alikuwa bashasha, mnene, na domo lake halikujua likizo. Kwenye kioo cha dirisha lake alikuwa amebandika ukurasa ule wa kitabu cha jiografia, na abiria aliyemuuliza habari zake alijuta. Kivuko kikichelewa na watu wakianza kunung'unika, aliwaambia, "Jamani, ikiwa msimu wenyewe unahama, sembuse kivuko kuchelewa?" Watu walicheka, na mara nyingi walisahau kukasirika.

Asubuhi iliyofuata mkata tiketi huyo alimwona Mama Hadubini kwenye foleni, amevaa viatu vya kutembelea na ameshika chupa ya chai.

"Shemeji! Safari ya wapi?"

"Ng'ambo na kurudi."

"Kufanya nini huko?"

"Kupunga upepo."

Kumbe safarini Mama Hadubini alikuwa akimwomba baharia ampe mpira wa kuoshea sitaha, unaovuta maji kutoka baharini, akajaza chupa yake kivuko kinapopita karibu na boya. Akaja kesho yake, na keshokutwa, na siku zilizofuata, mvua au jua. Mkata tiketi hakuweza kuvumilia.

"Shemeji, kila siku ng'ambo na kurudi. Sema ukweli. Umepata mzee huko?"

"Nimempata."

"Ehe! Mtu wa namna gani?"

"Mtulivu. Ana mapezi."

Foleni yote ikaangua kicheko. "Mwambie aje ajitambulishe kwangu kwanza," alipaza sauti shemeji. "Mimi ndiye mwenye mlango!"

"Atakuja kwenye sahani," alijibu Mama Hadubini, akapokea tiketi yake.

Nyumbani alikuwa na hadubini ya marehemu, aliyozawadiwa alipostaafu, ikikaa kabatini chini ya kitambaa. Aliiweka juu ya meza ya chakula, karibu na dirisha, akasukuma sahani pembeni. Maji ya siku za bamvua yalikuwa baridi hata mkono uliyahisi kupitia chupa ndogo aliyoyamiminia. Chini ya kioo mlikuwa na chembe za mchanga, vigae vya maganda, mikufu iliyokatika katikati, na baadhi ya vile vijimea vizito vya duara ambavyo kwa kawaida hulala chini kabisa, vimepandishwa juu bila kutaka kama watu waliotolewa kitandani kwa fujo. Vilivyo hai vilihesabika. Siku kadhaa baadaye mchanga ulitoweka na mikufu ikaanza kurefuka. Kisha ikaja asubuhi ambapo tone moja lilijaa mpaka hakuweza kuhesabu, ikambidi aongeze maji safi aanze upya. Kijani, kijani tupu, hai. Siku mbili tatu baada ya hapo vikaanza kupungua, maganda matupu yakazidi, na maji yakabaki maangavu na yenye njaa.

Aliosha vioo vyake vyote kwa sabuni, akavipanga juu ya kitambaa vikauke. Kisha akampigia simu binti yake na shemeji yake, akawaita waje Jumapili.

Binti alikuwa mfamasia, mwenye duka lake mtaa wa pili, mwanamke asiyependa maneno mengi. Alifika mapema. Shemeji alifika na njaa. Mama Hadubini aliwaketisha sebuleni, akawaeleza mambo yote kwa ufupi, bila kupaka rangi: kizingiti, bamvua, maji mafu, Jumatatu. Shemeji alikuwa ameshika kikombe cha chai. Alikiweka mezani bila kukionja.

"Kwa hiyo unasema kaka yangu alikuwa mwongo."

"Chunga mdomo wako, shemeji. Mwongo anajua anachofanya. Yeye alikosea siku."

"Miaka yote hiyo?"

"Kosa lenyewe linahitaji miaka. Mwezi mmoja halionekani."

Binti aliuliza swali moja tu. "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Na mkuu wa kituo anataka kulirudisha boya."

"Anataka."

"Basi, Mama, sioni tatizo. Hujaombwa kudanganya mtu. Nyamaza tu, litaondoka lenyewe."

"Nimeombwa niseme limeharibika."

"Sema hujui."

"Mimi?" Mama Hadubini aligeuka akamtazama bintiye kana kwamba ametukanwa. "Nisijue?"

Hapo shemeji alicheka kidogo, bila kupenda, kisha akakumbuka kuwa amekasirika. "Shemeji, marehemu hawezi kujitetea. Wewe ndiye uliyebaki. Kazi yako ni kumfunika."

"Nimfunike na nini? Boya jingine litakuja, nalo litasema yale yale. Yatasemwa kesho au mwaka ujao, na mtu ambaye hakumjua, hakula naye, hakumsikia akikohoa. Atasimama mbele ya watu aseme mzee fulani alishindwa kuhesabu mwezi. Atasema kwa dharau, maana hana sababu ya kusema kwa adabu. Kisha watu watauliza, mkewe si alikuwa palepale? Watafukua, watakuta mkewe alilishika jambo mkononi akalifungia sandukuni. Sasa nyumba nzima itakuwa na mkosaji mmoja na mwizi mmoja. Hilo ndilo unalotaka kulifunika?"

Nje muuza mafuta ya taa alikuwa akigonga debe lake, akazungukia kona, akapotea.

"Na mimi nitakaa vipi pale dirishani?" aliuliza shemeji, sauti imeshuka. "Watu wote wananijua kwa kaka."

"Utakata tiketi. Ndiyo kazi uliyoajiriwa."

Lilikuwa neno kali kuliko alivyokusudia, lakini hakulirudisha. Shemeji alisimama, akatafuta kofia yake ambayo ilikuwa kichwani, akatoka. Chai yake ilibaki ikipoa.

"Watakucheka, Mama," alisema binti.

"Wacheke wakiniangalia mimi. Yeye hawamwoni."

Binti alikusanya vikombe akavipeleka jikoni. Aliporudi alisema tu, "Ukisimama mbele ya watu, vaa ile nguo ya buluu. Hiyo nyeusi inakufanya uonekane unaomba msamaha."

Mkuu mpya alipoelezwa, alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Kwanza alitaka kubisha. Alikwenda kwenye kompyuta, akatoa Jumatatu moja na kuruka moja kutoka kwenye yale meno ya chanuo, akaunganisha nukta kwa nukta, na mbele ya macho yake mstari mpana, wa polepole, ukaanza kuinama kuelekea mahali ambapo mchoro wa marehemu ungetaka uende. Alikaa chini.

"Mama, hili jambo ni zito. Tulizungumze taratibu, mimi na wewe."

"Taratibu ndivyo lilivyokaa miaka yote hii."

"Namaanisha lugha. Tunaweza kuandika kwamba vifaa vya zamani havikuwa na uwezo wa kutosha. Kila mtu ataelewa. Hakuna atakayeumia."

"Vifaa vilikuwa sahihi, Mkuu. Kifaa ni mimi."

Kijana alichukua kalamu.

"Hesabu zangu ni sahihi," aliendelea Mama Hadubini. "Ukitaka, chukua chupa zote zilizobaki ghalani, uhesabu upya tone kwa tone. Mchoro wake ni sahihi, ameuchora kama nilivyompa. Siku za kuteka maji ndizo zilizokosewa. Andika hivyo, wala usiweke sukari. Na makala ikitoka, jina la kwanza liwe langu, na jina la ukoo lote, bila kulikata."

"Mimi nije wa pili?"

"Boya si lako? Wa pili."

Alikubali. Kwa hakika alikubali haraka, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane alisahau kusimama Mama alipokuwa akitoka.

Makala ilisomwa kwenye mkutano wa kituo, mbele ya wageni kutoka vyuo na watu wawili wa wizara. Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki, feni moja inayofanya kazi na nyingine inayotia huruma. Mama Hadubini alivaa nguo ya buluu. Alizungumza kwa muda mfupi, bila utani na bila kuomba radhi. Aliwaonyesha kizingiti, akawaonyesha maji ya baridi yakipanda siku za bamvua na vijimea vikistawi siku chache baadaye, akawaonyesha miezi ya jua ikirefusha meno na miezi ya mawingu ikiyafupisha. Mwisho akaweka mchoro wa mumewe juu ya mchoro wa boya, na Jumatatu zikiwa zimetiwa alama nyekundu. Aliona vichwa vikisogeleana. Mnong'ono ulipita safu kwa safu, na mahali fulani nyuma mtu alicheka puani.

Mgeni mmoja, mhadhiri mwenye suti iliyombana, alisimama kuuliza. Alikuwa na tabasamu la mtu aliyeona tunda limeiva.

"Ningependa kufahamu, kwa manufaa ya wasiokuwa wataalamu. Ule msimu maarufu, tuliofundishwa shuleni sote. Unasema haupo?"

"Haupo."

"Kwa hiyo aliyeugundua alikosea."

"Alikosea."

"Na tulioufundisha kwa miaka?"

"Mlifundisha kosa. Mtasahihisha."

Tabasamu lilipungua kidogo. "Samahani, sina nia mbaya. Lakini jina lile liko kwenye vitabu. Itabidi liondolewe."

"Liondoeni kwenye msimu," alisema Mama Hadubini. "Kwenye makala mliyoshika liko mstari wa kwanza. Hapo msiliguse."

Mhadhiri aliinamisha macho kwenye karatasi yake, akasoma mstari wa kwanza, akamtazama tena mwanamke aliyesimama mbele yake, na ndipo alipofahamu kwamba alikuwa akizungumza na mjane wa mgunduzi. Alikaa. Mkuu mpya aliuliza kama kuna swali jingine. Lilikuwepo, kutoka kwa msichana wa chuo aliyekaa karibu na mlango, naye alitaka kujua rutuba inachukua siku ngapi kutoka kizingitini hadi juu. Hilo lilikuwa swali zuri, na Mama Hadubini alilijibu kwa kirefu.

Binti yake alikuwa safu ya mbele, mkoba magotini, akisikiliza kama mtu anayehakiki dawa kabla ya kuifunga. Kiti cha pembeni mwake, alichomwekea baba yake mdogo, kilibaki kitupu. Shemeji alikuwa ametuma ujumbe kwamba kivuko hakiwezi kuachwa. Mama Hadubini aliusoma ujumbe huo wakati wa chai, akairudisha simu mkobani, akaenda kumsalimia mhadhiri yule kwa mkono, kama inavyompasa mwenyeji.